Al-Razi: Mwalimu aliyewatanguliza wanafunzi wake

Wanapotajwa madaktari wakubwa wa zama za Kiislamu, jina la Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi halikosekani. Hutajwa zaidi kwa vitabu vyake, hasa kile alichopambanua ndui na surua. Ualimu wake hautajwi sana, na hilo ndilo tungependa wasomaji walitazame, hasa wazazi wenye vijana wanaosomea udaktari.

Al-Razi alizaliwa mwaka 251 Hijria (865) katika mji wa Rayy, karibu na ilipo Tehran, Iran. Udaktari aliuanza akiwa mtu mzima, kisha akawa mkuu wa hospitali ya Rayy na baadaye ya Baghdad.

Ibn al-Nadim, aliyeorodhesha vitabu na waandishi mwaka 377 Hijria (987), ameeleza darasa lake lilivyokuwa. Al-Razi alikaa mbele, karibu yake wakakaa wanafunzi wake, nyuma yao wanafunzi wa wanafunzi hao, kisha wengine. Mgonjwa alipoingia alieleza maradhi yake kwa wale aliowakuta kwanza. Wakiyajua, walimhudumia. Wakishindwa, alipelekwa kwa waliowazidi elimu, na hao nao wakishindwa, ndipo al-Razi mwenyewe alipozungumza.

Tuutafakari utaratibu huo. Mwanafunzi mdogo alilazimika kufikiri kabla ya kusikia jibu la mkubwa wake. Akikwama, alisikia papo hapo namna aliyemzidi anavyolitatua tatizo. Mgonjwa naye hakuachwa mikononi mwa wasiojua, kwani mwalimu alikuwapo. Ibn al-Nadim anaongeza kuwa al-Razi alikuwa mkarimu, akiwahurumia maskini, akiwauguza na kuwapa posho.

Hata katika kuandika alifundisha uaminifu. Katika kumbukumbu zake alinukuu kauli za waliomtangulia, akamtaja kila mmoja kwa jina, kisha akaweka alama kutenga yale aliyoyaona yeye. Humo ameeleza kuwa aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa waliokuwa na dalili za uvimbe wa ubongo na kuwaacha wengine kwa makusudi, ili alinganishe matokeo. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyeheshimiwa kuliko wote, alimwandikia kitabu kizima cha kumhoji, huku akikiri kuwa ni mwalimu wake.

Kumbukumbu hizo hakuzikamilisha kuwa kitabu. Baada ya kufa kwake, waziri Ibn al-Amid alizipata na kuwakusanya wanafunzi wa al-Razi wazipange. Hivyo kikapatikana al-Hawi, chenye juzuu zaidi ya 20, kilichofasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na kusomwa Ulaya. Yaani kazi kubwa kuliko zote za mwalimu iliokolewa na wanafunzi aliowalea.

Mwisho wa umri wake alipofuka. Mmoja wa wanafunzi wake alisafiri kutoka Tabaristan ili amtibu. Al-Razi alimsikiliza, akaukubali ujuzi wake, lakini akaona ajali yake iko karibu na hakutaka maumivu zaidi. Akafariki mwaka 313 Hijria (925).

Ni kweli kwamba wanazuoni wengi waliyakataa maoni ya falsafa yaliyonasibishwa kwake, hasa kuhusu utume, na walikuwa na haki ya kuyakataa. Al-Biruni alikuwa miongoni mwao. Lakini ni al-Biruni huyo huyo aliyekaa akaorodhesha vitabu vyake vyote alivyovijua, 184 kwa idadi. Alipinga alichokipinga, na haki ya mwalimu akaitoa.

Ndugu zangu, wodi ambayo daktari mdogo anaogopa kusema alichokiona kwa kuhofia kufokewa na mkubwa wake ni hatari kwa mgonjwa. Wenye dhamana ya kufundisha wamwige al-Razi kwa kumpa mdogo nafasi ya kusema kwanza. Nasi tulionufaika na walimu wa namna hiyo tusingoje wafe ndipo tuorodheshe mema yao.