Alec Reeves: Mtu Aliyeigeuza Sauti Kuwa Tarakimu

Ndugu wasomaji, wakongwe wenzangu nanyi vijana mlioko madarasani, mimi niliyezeekea katika kazi ya mitambo ya redio nimeona niwaeleze habari za Alec Reeves. Kila sauti ya dijitali tuisikiayo leo ina deni kwake.

Reeves alizaliwa mwaka 1902 huko Redhill, Uingereza. Alisomea uhandisi London, akaajiriwa na kampuni ya simu mwaka 1923, na baadaye akahamia Paris. Huko alipambana na adui anayejulikana na kila msikilizaji wa mawimbi mafupi: makelele. Sauti ikisafiri mbali hudhoofu, kwa hiyo sharti ikuzwe njiani. Lakini kikuza sauti hakichagui. Hukuza maneno na mikwaruzo pamoja, na kila kituo huongeza uchafu wake.

Mwaka 1937 alipata jawabu. Badala ya kusafirisha wimbi lenyewe, kimo chake kipimwe mara maelfu kwa sekunde, na kila kipimo kiandikwe kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Yaani mpigo wa umeme upo au haupo. Mpigo ukifika umechakaa, mtambo hutambua tu kwamba upo, kisha hutoa mwingine mpya. Makelele hubaki njiani. Mwaka 1938 aliomba hataza nchini Ufaransa.

Je, alitajirika? Hata kidogo! Kazi hiyo ilihitaji valvu nyingi mno, nazo zilikuwa kubwa na ghali. Mwaka 1940 aliikimbia Paris Wajerumani walipokaribia. Wakati wa vita alishiriki kubuni Oboe, mtambo wa redio wa kuongoza ndege za mabomu. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947, na mwaka 1962 ndipo simu za Marekani zilipoanza kutumia njia yake kibiashara. Wakati huo muda wa hataza ulikwisha kupita. Reeves hakuketi kunung'unika. Alihimiza utafiti mpya wa kupeleka mawasiliano kwa mwanga.

Alifariki mwaka 1971. BBC na redio ya taifa ya Norway zilianza matangazo ya dijitali ya kudumu mwaka 1995, na mwaka 2017 redio za taifa za Norway zikazima FM. Wenye redio za zamani walilazimika kununua mpya, maana kila mageuzi yana gharama yake. Kwetu Tanzania televisheni ndiyo iliyotangulia: mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Redio za FM bado zinaunguruma.

Vijana, fikra njema yaweza kuzaliwa kabla ya vifaa vyake. Iandikeni vizuri na kuithibitisha kwa hesabu, ili vifaa vikipatikana, wenzenu waikute tayari.