Nahodha Edward Smith

Edward John Smith alizaliwa mwaka 1850 katika mji wa Hanley, Uingereza, mbali na pwani. Alipokuwa kijana aliingia kazi ya ubaharia, akapanda cheo hata akawa nahodha mwenye sifa kuu, na matajiri wengi walipenda kusafiri naye.

Mwezi wa Aprili 1912 alipewa merikebu mpya, Titanic, aipeleke New York. Njiani zilifika habari kwa simu ya upepo kwamba mbele kuna milima ya barafu. Lakini mwendo haukupunguzwa, kwa maana ndiyo desturi ya manahodha wa siku zile. Usiku wa tarehe 14, karibu na saa sita, merikebu ikagonga barafu, ikatoboka ubavuni.

Walikuwamo watu 2,200 hivi, na mashua 20 tu, zenye nafasi ya watu 1,178. Sheria haikudai zaidi. Tena mashua nyingi zilishushwa kabla hazijajaa. Watu 1,500 hivi wakafa, na Smith pamoja nao.

Je, wengi zaidi wangaliokoka? Kama mwendo ungalipunguzwa, labda barafu ingaliepukwa. Na kama mashua zote zingalijaa, watu wengine zaidi ya 400 wangalipona.

Mwaka 1914 mataifa yalipatana kwamba kila abiria awe na nafasi mashuani. Agizo hilo lilikuwa jema, ila liliwajia wafu wale wakati umekwisha pita. Tahadhari kabla ya hatari.