Audubon na Bata Mzinga wa Mwitu

Ndugu msomaji, huenda umewahi kumwona bata mzinga wa kufugwa. Asili yake ni Amerika. Huko wapo bado bata mzinga wa mwitu, na dume hufikia hata kilo 10. Leo utasoma habari za mtu aliyewawinda ndege hao kwa gobore, kisha akawafanya wajulikane duniani.

Mtu huyo ni John James Audubon. Alizaliwa mwaka 1785 katika nchi ambayo leo inaitwa Haiti, akalelewa Ufaransa. Mwaka 1803, akiwa na umri wa miaka 18, alikwenda Marekani. Baadaye alifungua duka huko Kentucky. Lakini moyo wake haukuwa dukani. Ulikuwa msituni.

Wakati ule wawindaji walitumia bunduki za kushindilia. Mwindaji alimimina baruti katika mdomo wa mtutu, akaishindilia kwa ufito. Kisha alitia marisau, akashindilia tena. Alipofyatua, gumegume lilitoa cheche na baruti ikawaka. Ukikosa shabaha, ulianza kazi upya, na ndege alikuwa amekwisha kwenda zake. Baruti ikilowa, bunduki haikulia.

Kwa hiyo haikutosha kuwa na gobore. Ilimpasa mwindaji amjue ndege. Audubon alitembea msituni kwa miguu, akiangalia. Alijifunza kwamba bata mzinga hulala juu ya miti. Macho yake ni makali, na mbio zake ni nyingi. Katika majira ya kuchipua, madume hutafuta majike. Wawindaji walichukua mfupa wa bawa la ndege huyo, wakavuta pumzi kupitia mfupa huo. Ulitoa sauti kama ya jike, na dume akaja. Lakini sauti ikikosewa kidogo tu, dume alitambua hila.

Audubon alimlea bata mzinga mmoja tangu kifaranga. Alimfunga utepe mwekundu shingoni ili watu wamtambue. Ndege huyo alizoea kwenda msituni. Siku moja mtu alimdhani ni wa mwitu, akampiga risasi. Utepe ulionekana wakati ndege amekwisha kufa.

Mwaka 1819 biashara ya Audubon ilianguka, akatiwa jela kwa madeni. Alipotoka, aliazimia kuchora ndege wa Marekani kwa ukubwa wao halisi. Mkewe, Lucy, alifundisha watoto kusoma. Fedha zake ziliilisha familia na kumsaidia mumewe kusafiri. Tusifiche pia kwamba Audubon alimiliki watumwa na kuwauza. Hilo ni doa katika maisha yake.

Mwaka 1826 alikwenda Uingereza kutafuta wachapaji. Kazi ya kuchapa ilianza mwaka 1827, ikamalizika mwaka 1838. Picha zote zilikuwa 435. Ile ya kwanza kabisa ni ya dume la bata mzinga wa mwitu, katika karatasi yenye urefu wa karibu mita moja. Audubon alifariki New York mwaka 1851.

Baada yake misitu mingi ilikatwa, na watu waliwinda bila kiasi. Mwanzoni mwa karne ya 20, bata mzinga wa mwitu walikuwa wametoweka katika majimbo mengi. Ndipo sheria za uwindaji zilipokazwa. Ndege waliosalia walikamatwa wakiwa hai, wakapelekwa katika misitu mingine. Leo wako tena kwa mamilioni.

Ndugu msomaji, nyama ambayo Audubon aliipata kwa gobore ililiwa ikaisha. Mambo aliyoyachora na kuyaandika yapo hadi leo. Wewe sasa unajua kuandika. Nenda kwa mzee anayewajua ndege wa kijijini kwenu. Muulize majina yao, chakula chao na mahali wanapotaga. Kisha yaandike katika daftari lako, wajukuu wako wapate kuyasoma.