Maisha ya John Wyclif, mukubwa wa masomo ku Oxford

Bandugu, leo tunaeleza habari ya mutu mumoja wa Uingereza wa zamani sana, jina lake John Wyclif. Alizaliwa mu jimbo la Yorkshire, karibu na mwaka 1330. Alienda kusoma ku Oxford, na mu 1360 alikuwa mukubwa wa Balliol. Balliol njo nyumba ya masomo, mahali balimu na banafunzi balikaa pamoja, balikula pamoja. Mu 1361 alipewa parokia, akaacha ukubwa ule. Lakini Oxford hakuiacha, aliendelea kufundisha kule miaka mingi.

Wakati ule Kanisa lilikuwa na mashamba na feza mingi. Mu 1374 mufalme Edward III alimutuma Wyclif na bengine ku muji wa Bruges, kuzungumza na bajumbe ba Papa. Kisha alifundisha kama padiri mwenye kutenda mabaya hana haki ya kushika mali, na mufalme anaweza kumunyanganya. Bakubwa ba inchi balifurahi. Maaskofu balikasirika.

Mu Februari 1377 balimuita mu kanisa la Saint Paul, London, apate kujibu. Mutoto wa mufalme, John of Gaunt, alikuja pamoja naye. Lakini yeye na askofu wa London baligombana vikali, batu balifanya fujo, na siku iliisha pasipo hukumu.

Kisha Wyclif aligusa neno zito zaidi: mafundisho juu ya mukate na divai ya misa. Hapo rafiki wengi balimuacha, hata John of Gaunt alimuomba anyamaze. Hakunyamaza. Mu Mei 1382 mukutano wa Kanisa ku London ulikataa mafundisho yake 24. Siku ile ile inchi ilitetemeka. Wyclif alikaa ku parokia yake ya Lutterworth, akiandika.

Alitaka kila mutu asikie Biblia mu luga yake, si mu Kilatini tu. Batu bake njo balioitafsiri mu Kiingereza. Mashini ya kuchapa vitabu haikuwa bado. Kila kitabu kiliandikwa na mukono, mustari kwa mustari.

Mu Desemba 1384, akiwa mu misa, ugonjwa wa kupooza ulimuangusha. Alikufa tarehe 31.

Lakini kesi yake haikuisha. Mu 1409 maaskofu ba Uingereza balikataza kutafsiri Biblia pasipo ruhusa. Mu 1415 mukutano mukubwa wa Kanisa ku Constance ulimuhukumu, yeye aliyekufa miaka 30 mbele. Mu 1428 balifukua mifupa yake, baliichoma, na majivu balitupa mu muto Swift, karibu na Lutterworth.

Majivu maji iliyachukua. Lakini vitabu vile vya mukono, batu balivificha mu manyumba yao, na zaidi ya 200 viko hata leo.