Mwezi Gisabo na mkataba wa Kiganda

Kutoka Buterere, kwenye tambarare ya Imbo kaskazini mwa Bujumbura, milima ya mashariki huonekana kama ukuta. Nyuma ya ukuta huo Mwezi Gisabo aliitawala Burundi kwa zaidi ya nusu karne, na Rumaliza, tajiri wa Ujiji aliyefanya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, alishindwa kuiteka nchi hiyo kwa silaha.

Hatari iliyofuata ilitoka mbali zaidi, nayo ilitangulizwa na karatasi. Ujerumani, dola iliyoungana mwaka 1871 tu, ilikuwa na haraka ya kuketi na wakubwa. Mwaka 1884 iliyaita mataifa Berlin kutunga kanuni za kuigawana Afrika. Mwaka 1890 ikapatana na Uingereza juu ya mipaka. Waafrika hawakuulizwa. Kwa sheria hiyo, Mwezi alihesabiwa kuwa chini ya Kaisari kabla askari yeyote wa Kijerumani hajakanyaga ardhi yake.

Kituo cha kijeshi kilipoanzishwa Usumbura, mwami alikataa kukitii. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe, yule ambaye gorila wa milimani wana jina lake katika vitabu vya sayansi, alimvamia, jambo ambalo Gavana von Götzen hakuliridhia. Tarehe 6 Juni, huko Kiganda, Mwezi alisalimu amri. Alitozwa ng'ombe 424, akakubali mamlaka ya Ujerumani, na kutakiwa kuwaacha mahasimu wake, Kilima na mkwewe Maconco, wajitawale.

Mkataba huo haukuvunjwa na mwami. Ulivunjwa na waliouandika. Wajerumani walitambua kwamba pasipo jina la mwami ilikuwa vigumu amri zao kutiiwa milimani. Von Beringe akaondolewa, na mrithi wake, von Grawert, akamrudishia Mwezi heshima ya kuwa mtawala wa Burundi nzima. Maconco aliuawa mwaka 1905. Kilima akakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Walioitegemea saini ya Kiganda ndio walioangamia, naye aliyelazimishwa kuikubali akabaki na ufalme, ingawa chini ya bendera ya wageni.

Mwezi alifariki Agosti 1908, na kiti kikarithiwa na mwanawe Mutaga, aliyekuwa kijana mdogo. Mwaka 1916 Wabelgiji waliitwaa Usumbura, na hatima ya Burundi ikaenda tena kuamuliwa Ulaya.