Bwana Alexander Mackay, Fundi wa Njia

Kaskazini ya Kilosa, katika milima ya Ukaguru, pako mahali paitwapo Mamboya. Zamani, kabla ya reli kufika Kilosa, njia ya misheni itokayo Saadani pwani ilipita hapo kwenda Mpwapwa. Watu wa Kilosa na Mikumi husikia jina la Mamboya, lakini si wote wamjuao aliyeikata njia ile. Ndiye Bwana Alexander Mackay, na habari zake twataka kuzieleza.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa usharika wa Kipresbiteri huko shamba, akamfundisha mwanawe nyumbani kwa miaka mingi. Alitumaini kwamba mwana naye atakuwa mchungaji, lakini kijana alipenda ufundi wa mitambo. Akajifunza Edinburgh, kisha akafanya kazi Berlin, akikaa nyumbani kwa mchungaji Mjerumani aitwaye Baur.

Mwaka 1876 chama cha CMS cha Waanglikana kilimtuma Afrika. Hakubarikiwa kuwa kasisi, wala hakulelewa katika kanisa lao. Alikuja kutumika kwa mikono yake. Mwaka 1877 akaikata njia ya Saadani hata Mpwapwa, yapata maili 230, kwa shoka na panga, pamoja na vibarua wake. Lakini ng'ombe wa magari wakafa kwa mbung'o, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu.

Mwaka 1878 akafika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Huko akafua chuma, akachonga herufi, akapiga chapa karatasi za kusomea, akawafundisha vijana. Mutesa akafa mwaka 1884, akatawala Mwanga. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Wakristo wakachomwa moto, na wengine wao walikuwa wa nyumba ya misheni. Mackay aliwaombea, asisikilizwe. Tufikiri uchungu wa mwalimu aonaye wanafunzi wake wakifa kwa ajili ya yale aliyowafundisha! Hata hivyo hakukimbia. Mwaka ule ule usharika ukachagua wazee wake, ili kazi isikome hata Wazungu wakifukuzwa.

Naye akafukuzwa kweli, mwaka 1887. Akahamia Usambiro, kusini ya ziwa, akaendelea kufasiri na kupiga chapa, asirudi kwao hata mara moja. Akafa kwa homa tarehe 8 Februari 1890, umri wake miaka 40.

Basi, ndugu walimu na wazee, tusiseme kwamba kazi ya Mungu ni ya wachungaji peke yao. Njia aliyoikata kwa shoka haikuleta faida aliyoitumaini. Bali wale aliowafundisha kusoma walilishika Neno, wakalifundisha kwa wenzao yeye asipokuwapo. Nasi tujiulize: tukiondolewa leo, je, usharika wetu utasimama?