Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gasi: Urithi wa Jina na Deni

Historia ya pwani ya kusini ya Kenya haikamiliki bila kumtaja Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gasi, mji mdogo ulioko Msambweni, Kwale. Maisha yake ni kielelezo cha jinsi urithi wa ukoo unavyomjenga mtoto hata pale ambapo madaraka ya ukoo huo yamekwisha kupotea.

Ukoo wa Mazrui, wenye asili ya Omani, uliitawala Mombasa kwa takriban karne moja. Mnamo mwaka wa 1837, Sayyid Said bin Sultan aliutwaa mji huo. Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa ukoo na babake Mbaruk, alikamatwa pamoja na jamaa zake, akapelekwa Bandar Abbas, Uajemi, asirudi tena. Waliosalia waligawanyika: baadhi walihamia Takaungu, kaskazini mwa Mombasa, na wengine Gasi. Mbaruk, aliyekuwa bado mtoto, hakurithi ngome wala kiti. Alirithi jina la baba aliyefia kifungoni.

Hata hivyo, damu peke yake haitoshi kuueleza mwenendo wake. Mazrui wa Takaungu nao walikuwa wameupoteza mji uleule, ila wao walipatana na Unguja. Mbaruk alikuwa mwana wa liwali aliyeng'olewa, na kila alipoitwa kwa jina lake kamili alikumbushwa deni hilo. Isitoshe, aliishi jirani na Wadigo, na baadhi yao wakawa washirika wake. Nasaba yake ilikuwa ya Kiarabu, lakini nguvu zake zilitoka katika misitu na vilima vya Kwale, alikojijengea ngome ya Mwele. Aliwaasi masultani wa Unguja mara kadhaa, na mwaka wa 1882 majeshi ya Sayyid Barghash yaliizingira ngome hiyo.

Mwaka wa 1895, mgogoro wa urithi wa uongozi ulizuka Takaungu. Jamaa walioshindwa walikimbilia kwake. Mbaruk, mzee aliyekuwa akipokea posho kutoka kwa Waingereza, hakuwatoa. Mwele ilitekwa mwezi wa Agosti mwaka huo. Mnamo Aprili 1896 alivuka mpaka na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka wa 1910, ugenini kama babake.

Urithi huo haukuwa wa fahari tupu. Mashamba ya ukoo wake yalilimwa na watumwa, ingawa watoro waliotoroka mabwana wengine walipata hifadhi kwake na kumpigania. Vizazi vya watu hao navyo ni sehemu ya Kwale, japo majina yao hayakuandikwa.

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Maisha ya Mbaruk yanaonyesha kwamba mtoto hulelewa pia na masimulizi ya ukoo wake. Ni wajibu wa mlezi, basi, kumsimulia yote: yanayomtukuza na yanayomfedhehesha.